Acheni Kupima Gramu: Baiskeli ya Chuma Haihitaji Dawa ya Kukonda

Haya wandugu, leo sitaandika juu ya seva wala hifadhidata. Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta mambo ya programu, na mara ya mwisho niliahidi kumalizia ile habari ya kuhamisha mfumo wa zamani kwenda mashine mpya. Itangoja wiki moja. Ingawa ukisoma mpaka chini utaona sijatoka nje ya mada sana.

Jumapili nilipanda baiskeli kutoka Nairobi hadi Limuru, nikasimama kunywa chai. Baiskeli nikaiegemeza ukutani. Ni Raleigh ya barabarani, imetengenezwa Nottingham, Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, fremu ya neli za Reynolds 531. Iliingia nchini kupitia Mombasa ndani ya kontena la mitumba pamoja na majokofu na makochi ya watu, nami nikainunua kwa bei ya viatu vizuri. Pembeni walikuwako vijana wawili wenye baiskeli za kaboni zinazong'aa. Mmoja akaja, akainyanyua yangu bila kuomba ruhusa (hii tabia nayo!), akauliza ina kilo ngapi. Nikamwambia 10 na gramu 300. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya eksirei. "Boss, hapo umetupa pesa. Ungeweka usukani wa kaboni, nguzo ya kiti ya kaboni na bolti za titani, ungeshuka mpaka 9." Mwenzake akaona hata hiyo ni kazi bure: "Kwani si uuze hiki chuma chakavu ununue ya kisasa?"

Jumatatu nikafika kazini. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mpenzi mkubwa wa vitu vya zamani, akaiona baiskeli hiyo hiyo, akasikitika kweli kweli. Eti nimeinajisi. Baiskeli kama ile ilitakiwa ibaki kama ilivyotoka kiwandani, maana ya kale ni dhahabu.

Watu watatu, ushauri wa aina tatu, na wote watatu wamekosea. Tena wamekosea kosa lilelile: hakuna hata mmoja aliyeuliza baiskeli hii inafanya kazi gani na inakwama wapi. Mmoja anapima gramu, mwingine anapima mwaka wa kutengenezwa, wa tatu anapima uasili. Na kwa kuwa dini ya gramu ndiyo inayowamalizia vijana wetu mishahara, nitaanza nayo.

Kuna kosa ambalo kila mwandika programu amewahi kulifanya, na anayekataa ni mwongo. Programu inakwenda polepole. Badala ya kuipima ujue inapokwama, unaanza kurekebisha pale unapopapenda. Unakesha usiku mzima ukipunguza milisekunde 3 kwenye kitanzi fulani, unajisifu, kumbe kinachochelewesha ni ombi moja la hifadhidata linalokula sekunde 4. Kitanzi kilikuvutia kwa sababu kinaonekana. Gramu nazo ndivyo zilivyo. Zinaonekana, zinawekwa kwenye mizani ya jikoni, zinapigwa picha. Starehe, hofu ya breki, maumivu ya goti, hivyo havipigwi picha.

Basi tupime. Mimi nina kilo 70. Baiskeli ilipofika kwangu ilikuwa na kilo 12.6. Ongeza maji, nguo, pampu na spana, tuseme kilo 3 na ushei. Jumla kama kilo 86. Leo baiskeli ina kilo 10.3, yaani nimepunguza kilo 2.3, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 3 ya mzigo wote. Kwenye mlima, ambapo karibu nguvu zote zinakwenda kuinua mzigo, mwendo wa dakika 40 unapungua kwa dakika moja hivi. Sikatai, dakika ni dakika. Lakini sasa mfuate yule kijana wa Limuru. Anataka nitoke 10.3 nifike 9, na hiyo kilo 1.3 ingenigharimu zaidi ya kila kitu nilichokwisha kununua, kwa faida ya sekunde kama 37 kwenye mlima huohuo. Na huko tambarare? Ukipita kilomita 30 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na upepo, na upepo haujali una kilo ngapi, unajali una kifua kipana kiasi gani.

Watakuambia uzito wa gurudumu ni tofauti, kwamba gramu moja kwenye rimu ni sawa na gramu kumi kwenye fremu. Uongo mtupu, samahani. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huhesabika karibu mara mbili wakati unapoongeza kasi tu. Ukishatulia kwenye mwendo wako, au unapopanda mlima kwa mwendo mmoja, gramu ni gramu popote ilipo.

Hata wale wa mashindano, ambao maisha yao ni sekunde, wamewekewa sakafu. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliweka kikomo cha kilo 6.8 mwaka 2000, na baiskeli haziruhusiwi kuwa nyepesi zaidi ya hapo. Na la kushangaza, baiskeli nyingi za timu kubwa leo zimepita kikomo hicho kwa hiari yao wenyewe, kwa sababu wahandisi waliona ni heri umbo linalokata upepo, breki za diski na matairi mapana kuliko kuendelea kubana gramu. Wenye fani wamekwisha kuacha, sisi huku ndio kwanza tunaanza.

Sasa niseme nilichobadilisha na kwa nini, kwa mpangilio wa mahali nilipoumia zaidi.

Kwanza breki. Baiskeli ilinifikia na rimu za chuma zilizopakwa kromu, za inchi 27. Sijui nani huko njiani aliifungia fremu nzuri kama ile rimu za namna hiyo. Kama hujawahi kushika breki juu ya kromu siku ya mvua, shukuru. Raba inateleza kama sabuni kwenye sahani, unabonyeza, unangoja, unaomba. Nairobi mwezi wa Aprili hiyo si hoja ya starehe, ni hoja ya kufika nyumbani. Nikaweka rimu za alumini za 700C. Hapa kuna hesabu tamu: rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa, ya 700C ina 622. Tofauti ni 8, kwa hiyo kila upande ukingo unashuka milimita 4. Breki lazima zifike chini zaidi kwa hizo 4, basi unatafuta zile zenye mikono mirefu, za milimita 47 hadi 57, na zipo, zinatengenezwa mpaka leo. Halafu ule upenyo wa milimita 4 uliobaki juu ya gurudumu unakuwa zawadi: tairi pana linaingia. Karibu nusu ya uzito niliopunguza ulitoka kwenye magurudumu haya. Lakini sikuyanunua kwa sababu hiyo. Kama rimu nzuri za kusimamisha baiskeli kwenye mvua zingekuwa nzito kuliko za kromu, ningezinunua vilevile.

Pili matairi. Tuliaminishwa kwamba tairi jembamba lililojazwa mpaka liwe gumu kama mti ndilo la mbio. Kwenye lami laini kama kioo, labda. Kwenye lami yetu hii yenye viraka juu ya viraka, tairi gumu linarukaruka, na kila kuruka ni nguvu yako imegeuzwa kuwa mtikisiko wa mifupa. Miaka ya 2000 mwanzoni wana mbio walikuwa wakitumia matairi ya milimita 23, leo ni 28 na zaidi, baada ya vipimo vingi kuonyesha kuwa tairi pana lenye ngozi laini na upepo wa wastani haliko nyuma, mara nyingi liko mbele. Nimeweka ya 28. Ni mazito kuliko ya 23. Kijana wa mizani angeyakataa. Mimi sasa nafika Limuru mikono haijafa ganzi.

Tatu gia, na hapa ndipo nilipookoa magoti. Ilikuja na meno 52 na 42 mbele, nyuma friwili ya gia 6, kubwa ikiwa na meno 24. Gia nyepesi kabisa ni 42 kwa 24, yaani kila mzunguko wa pedali gurudumu linazunguka mara 1.75. Hiyo iliwafaa vijana wa Kiingereza wenye mapaja ya farasi. Nimeweka 50 na 34 mbele, na nyuma kaseti ya gia 9 inayofika meno 30. Gia nyepesi sasa ni 1.13. Piga hesabu mwenyewe: mguu unasukuma kwa karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya awali kwa kila mzunguko. Hakuna bolti ya titani duniani itakayokupa hicho. Vilima hivihivi vya Kikuyu ndiko Chris Froome alikojifunzia akiwa kijana chini ya David Kinjah, kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Froome ana mapafu yake. Mimi ninayeshinda kwenye kiti nikitazama skrini nahitaji meno 30.

Ndivyo uzito ulivyoshuka, mwenyewe, ukiwa matokeo ya kurekebisha vitu vilivyokuwa vibovu. Kiti cha springi kikatoka kwa sababu kilinichubua. Mikono ya pedali ikatoka kwa sababu ya yale meno. Na ile adapta inayoniwezesha kufunga shingo ya usukani ya kisasa kwenye foku ya zamani iliongeza uzito, wala sijutii.

Nikiri kitu. Nami nilikuwa mgonjwa wa gramu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta, kila kipande na uzito wake, na rangi nyekundu na kijani. Nikaagiza kwenye duka moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja, pakiti ya bolti za alumini za rangi ya samawati. Nzuri kama pipi. Nikatoa bolti 4 za chuma zinazobana usukani, pamoja na nyingine hapa na pale, nikafunga za samawati. Nilipunguza gramu 38. Nimesema thelathini na nane. Ni vijiko viwili na nusu vya maji. Kwenye mlima wa dakika 40 ni kama sekunde 1.

Wiki ya tatu nilikuwa nateremka ile barabara ya zamani ya bondeni kuelekea Mai Mahiu. Wanaoijua wanaijua: upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa, na nyuma yako lori. Karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili nikapita kwenye shimo ambalo sikuliona. Nikasikia tiki, sauti ndogo kabisa, kama kalamu kuvunjika. Kichwa cha bolti moja kilikuwa kimekatika. Usukani ukazunguka kidogo kwenda mbele, mikono yangu nayo ikaenda nao, na uzito wote wa mwili juu yake. Bolti 3 zilizobaki zilishika, sijui kwa neema ya nani. Nilikokota breki za nyuma mpaka nikasimama kwenye changarawe, lori likapita likipiga honi ndefu, nikakaa chini kwenye nyasi. Miguu ilitetemeka mpaka chai ya Mai Mahiu, na nilifika huko kwa matatu, baiskeli ikiwa juu ya paa.

Nimezitunza hizo bolti za samawati kwenye kikombe mezani. Kila mtu akinishauri kupunguza gramu kwenye usukani, kwenye breki au kwenye shingo, namwonyesha kikombe.

Turudi kwa yule kijana wa pili, wa kuuza chuma chakavu. Huyu hoja yake inanihusu zaidi kama mwandika programu, kwa sababu ni hoja tunayoisikia kila siku maofisini: mfumo ni wa zamani, tuufute, tuandike upya. Swali ambalo halijibu ni hili: mfumo huo unaunganika na nini? Umri si ugonjwa. Ugonjwa ni kufungika.

Tazama fremu yangu. Pale pedali zinapoingia kuna nyuzi za skrubu za Kiingereza, inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi, upana wa milimita 68. Kiwango hiki kina umri mkubwa kuliko mimi. Nilinunua mikono ya pedali iliyotengenezwa juzi, yenye ekseli nene ya milimita 24 na beringi zinazokaa nje ya fremu, kitu ambacho wahandisi wa Nottingham hawakukiota, na ikaingia kwa kuzungusha spana. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea. Nguzo ya kiti ni 27.2, inauzwa kila mahali. Kaseti za gia 8, 9 na 10 zinakaa kwenye habu moja, na hata habu mpya ya gia 11 inaipokea kaseti yangu ya 9 ukitia pete ya milimita 1.85. Haya kwetu sisi ndiyo yanayoitwa kiolesura kilicho wazi. Ndani badilisha utakavyo, mradi ukingoni mmekubaliana. Programu huria zimeishi kwa kanuni hiyohiyo.

Usiniambie kwamba zamani wote walikuwa malaika. Wafaransa walikuwa na nyuzi zao za milimita 35, na ukinunua Peugeot ya miaka ya 1970 utatafuta beringi zake mpaka nywele ziote mvi. Wataliano walikuwa na zao za milimita 36. Na Raleigh hawahawa ninaowasifu, kwenye baiskeli zao nyingi za kawaida walitumia nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24, ili spea ununue kwao. Kufungia wateja hakukuanza na kampuni za simu. Kabla ya kununua mtumba wowote wa chuma, pima nyuzi. Fremu ikiwa nzuri na nyuzi ni za ajabu, iache hapohapo.

Lakini zamani vurugu hizo zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka, siku hizi zinaongezeka. Tangu fremu za kaboni zilipoanza kubandikiwa beringi za pedali kwa kusukumwa badala ya nyuzi, tumepata BB30, PF30, BB86, BB90, 386 na ndugu zao, kila moja na kipenyo chake na upana wake na mlio wake wa kero. Wenyewe wanaziita viwango. Kiwango gani hiki ambacho kila kiwanda kina chake? Na gia nazo: Shimano walipotoa Dura-Ace ya gia 12 mwaka 2021, haikuwa na toleo la waya hata kidogo, ni betri tu. SRAM walikuwa wamefanya hivyo na Red yao mwaka 2019. Ni vitu vya ajabu, nakiri, vinabadilisha gia kama kufumba jicho. Kuvirekebisha unafungua simu, unaunganisha programu ya kiwanda. Mimi naandika programu kwa kula, na nakuambia kwa uaminifu: sijui programu ya simu itakayokuwa bado inafunguka baada ya miaka 40. Waya wa gia utafunguka. Mwaka jana wangu ulikatika nje ya Nairobi, fundi wa kando ya barabara aliyezoea Black Mamba za kubeba maziwa akaufunga kipande kilichobaki, akanipatia gia moja ya kati, nikarudi nyumbani. Hajawahi kuona kaseti ya gia 9 maishani mwake. Hakuhitaji. Alichokiona ni waya, bolti na springi, vitu anavyovijua. Akadai shilingi 50, nikaona aibu, nikampa zaidi.

Na hili ndilo linaloniuma hasa kuhusu ushauri wa kutupa na kununua. Usiache mbachao kwa msala upitao, waliisema watu wa pwani kabla baiskeli haijafika. Ukiuza fremu inayotengenezeka ununue isiyotengenezeka, hujabadilisha baiskeli tu, umemwondoa fundi kwenye mlolongo, na pesa yake umeipeleka kwa mtu asiyekujua jina.

Niwape mfano wa kazi ambayo kaboni haiwezi kuivumilia. Fremu yangu nyuma ilikuwa na nafasi ya milimita 126 kati ya midomo inayoshika ekseli, maana ilizaliwa na gia 6. Habu ya kisasa niliyonunua inataka 130. Milimita 4. Nilisoma maelezo ya Sheldon Brown, yule Mmarekani wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye kurasa zake bado zipo hewani zikisaidia watu, kisha nikaenda kwa fundi mmoja wa Kawangware, mtu wa makamo anayetengeneza kila kitu chenye gurudumu.

"Mzee, nataka ifunguke milimita 4, lakini mbili kila upande. Isiende upande mmoja."

Akaitazama fremu, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Hii ni chuma ya heshima, kijana. Chuma kina adabu. Ukikisukuma kidogo kinarudi. Ukikisukuma zaidi kidogo, kinabaki. Kazi ni kujua hicho kidogo."

Nimesoma fizikia shuleni, na sijapata kuelezwa tofauti ya kunyumbuka na kupinda vizuri kuliko hivyo. Akaleta ubao mrefu, akauingiza, akasukuma, akapima, akasukuma tena. Kisha akafunga uzi wa kushonea viatu kutoka mdomo mmoja wa nyuma, akauzungusha mbele ya fremu na kuurudisha upande wa pili, akapima umbali wa uzi kutoka neli ya kiti kushoto na kulia. Upande mmoja ulikuwa umezidi kwa milimita 1. Akasukuma tena. Mwisho akanyoosha ile midomo ikae sambamba, kwa sababu isipokaa sambamba ekseli hupindwa na siku moja hukatika. Saa moja na nusu ya kazi, na vifaa vyote vilikuwa ubao, uzi na rula. Tafadhali usijaribu hivi kwenye alumini wala kaboni. Alumini itapasuka, kama si leo basi kesho, na kaboni haina hicho "kidogo" anachokisema Mzee.

Sasa mzee wangu wa ofisini, wa ya kale ni dhahabu. Naomba asinielewe vibaya, namheshimu. Kuna baiskeli ambazo hata mimi singezigusa. Kama umebahatika kupata fremu ya mashindano yenye vifaa vyake vyote vya Campagnolo vya wakati huo, iache. Huko Toscana, Italia, tangu 1997 kuna safari ya L'Eroica ambapo watu hupanda baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987, gia zikiwa kwenye neli ya chini, na ni jambo zuri kutazama. Lakini yangu ilifika na kiti cha mtu mwingine, rimu za mtu mwingine, na breki mbili zisizofanana. Uasili upi ulionajisiwa? Ilikwisha kubadilishwa mara tano na watu waliokuwa wakiihitaji, mimi ni wa sita. Ukiirudisha "kama ilivyotoka kiwandani" unanunua vitu vya bei ghali kutoka Ulaya ili upate baiskeli isiyosimama kwenye mvua, uitundike sebuleni. Kitu kilichotengenezwa kitembee kikitundikwa ukutani, hiyo ndiyo najisi.

Ila nampa mzee haki moja, na hapa tunakubaliana: usifanye lisiloweza kurudishwa bila sababu nzito. Nimejiwekea sheria hiyo kama ninavyoiweka kwenye kodi (si ile ya KRA). Vitu vya zamani vyote vimo ndani ya sanduku, na mchana mmoja unatosha kuvirudisha. Fremu haikupakwa rangi upya, mikwaruzo ya Nottingham na ya Mombasa bado ipo. Nimetoboa mahali pamoja tu, nyuma ya kichwa cha foku, tundu likapanuliwa kufikia milimita 8 ili nati ya breki ya kisasa izame ndani. Nilifikiria wiki nzima kabla ya kutoboa. Nilikumbuka kromu na mvua, nikatoboa.

Kilichobaki ni kihamisha cheni cha mbele. Hiki kilichopo kilitengenezwa kwa ajili ya cheni nene, kwa hiyo cheni ya gia 9 inasuguana nacho nikiwa kwenye meno 34. Neli ya kiti ni milimita 28.6 na madukani nimekuta bendi za 31.8 na 34.9 tu, za fremu nene za kisasa. Fundi wa Kawangware amesema nikikosa kabisa atanitengenezea bendi kwa bati. Kama kuna mwenye ya 28.6 amelaza nyumbani, ya gia 9, aseme bei yake. Sitauliza ina gramu ngapi.